Heko kwa Watafiti wa Nyasi

Anayesafiri kutoka Naivasha kwenda Nakuru hutazama ziwa na pundamilia. Mashamba ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, ambako wataalamu hupima nyasi na maziwa, huyapita tu. Ni dhuluma ndogo, maana mfugaji wa Bahati au Njoro ana deni kwa watu hao.

Chukua nyasi ya brakiaria. Asili yake ni huku kwetu Afrika. Ilivuka bahari, ikafunika mamilioni ya hekta za malisho Brazili, na Colombia wakazalisha chotara yake, Mulato II. Ndipo katika miaka ya 2010 watafiti wa KALRO na wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wakairudisha nyumbani na kuijaribu kwenye mashamba ya wakulima. Mizizi yake huzama chini, hivyo huvumilia ukame. Mbegu tu ndiyo ghali. Mtoto wetu amerudi na bei ya ugenini!

Nyasi ya Boma Rhodes, inayojaza maghala kwa marobota, ilitokana na utafiti wa Kitale. Na ugonjwa wa fugwe jeusi ulipoishambulia nyasi ya nepia, watafiti walitoa aina ya Kakamega 1, inayoustahimili.

Kazi yenyewe haina mbwembwe: kukata, kukausha, kupima, kuandika, msimu baada ya msimu. Ndiyo iliyothibitisha kwamba nyasi zikikomaa, protini hushuka. Basi ndugu mfugaji, kata Boma Rhodes yako inapoanza kutoa maua, usingoje iwe ndefu ya kupendeza macho.