Kipimo Kimoja, Dawa Mkononi: Kambi ya Moyo Chato Ilipokosea

Mliofika kwenye kambi ya upimaji wa moyo hapa Chato mliiona meza ya pili, ile ya kupima presha. Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mtu aliyetembea juani kutoka kijijini, akasimama kwenye foleni tangu asubuhi, aliketishwa, akafungwa mkanda wa mashine juu ya shati, akapimwa mara moja huku akiulizwa jina, umri na kata. Mashine ikisoma 150 kwa 95, kadi iliandikwa "presha ya kupanda", naye akakabidhiwa amlodipini, dawa ya presha, ya mwezi mmoja na kuambiwa aende hospitali ikiisha. Waandaaji siwataji, kwa sababu kosa hili limezoeleka kwenye kambi nyingi nchini. Lakini ni kosa, tena kubwa.

Tukiangalie kipimo chenyewe. Presha hupimwa mtu akiwa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote zimekanyaga chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda uko juu ya ngozi na mdomo umefungwa. Kibofu kikijaa, namba hupanda. Mguu ukiwekwa juu ya mwingine, hupanda. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huipandisha pia. Suala la mikanda ya saizi moja nimelipigia kelele kwenye safu hii na nitaendelea kulipigia.

Hata yote hayo yakizingatiwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti, ndipo uitwe ugonjwa. Mwenye presha iliyopanda sana au dalili za hatari hasubirishwi. Huyo huanza dawa siku hiyohiyo. Wa 150 kwa 95 asiye na dalili yoyote alistahili kupewa tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo haikuwepo. Mzima akabebeshwa ugonjwa. Mgonjwa wa kweli akameza vidonge vya mwezi, akajisikia vizuri, akaamini amepona. Mahema yakafungwa, na hakuna aliyebaki na daftari lenye majina yao.

Si kila kitu kambini kilikosewa: ECHO, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilifanywa kwa ustadi na rufaa zake ziliandikwa vizuri.

Kinachoniuma ni kwamba nchi hii ilishajifunza somo hili. Mwaka 1998 na 1999 watafiti walipima presha za wakazi zaidi ya 9,000 wa Dar es Salaam. Waliokutwa na presha ya juu walirudiwa kwa siku kadhaa, mpaka ijulikane presha ya nani imebaki juu na ya nani imeshuka yenyewe. Kisha wagonjwa 161 ambao hawakuwa na dawa, na walioshauriwa kwenda kutibiwa, walifuatiliwa kwa miezi 12. Waliofika kwa mtoa huduma walikuwa asilimia 34. Mwaka ulipoisha, waliokuwa bado wanameza dawa walikuwa asilimia 3. Watafiti hao ndio mabingwa wangu katika kazi hii: walirudi kuhesabu, wakatangaza matokeo yasiyopendeza. Siku hizi mgeni rasmi husomewa idadi ya waliopimwa, akapiga makofi, akaondoka.

Kuwafuata watu walipo nako si kugeni kwetu: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima takriban milioni mbili kwa redio na vikundi vya kujifunza vilivyokutana hukohuko vijijini, wiki baada ya wiki. Leo tuna zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na tiba mkoba ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inawasogeza mabingwa mikoani. Kinachokosekana ni ratiba inayomfuata mgonjwa. Pale mwalo wa Kasenda, hapahapa Chato, wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hao huwa nchi kavu. Kipimo cha pili kipangwe wiki hiyo, mwaloni, na mhudumu anayewajua kwa majina. Kwa wachimbaji wadogo kifuate zamu zao.

Dawa ya kutosha mwezi mmoja ikae stoo ya zahanati, itolewe baada ya kipimo cha pili, na ijazwe tena kila inapoisha. Kambi ijayo isome hadharani hesabu mbili: waliopimwa kwa siku mbili tofauti, na walio bado kwenye dawa baada ya mwaka. Isiyoweza kuzitoa isipewe kibali cha kusimika mahema.