Fakitire ni ya nani? Kusoma tena hukumu ya Covenant

Wandugu, kwenye fakilte ya sheria tulifundishwa kwamba jaji asome maneno ya sheria vile yako, asiongeze yake. Ni fundisho zuri. Lakini kuna hukumu moja ya Marekani, jimbo la Michigan, ambayo kila nikiisoma inaniachia swali: jaji akikamata neno moja kwa nguvu, halafu akapita mbio juu ya sentensi inayofuata, tuseme kweli amesoma sheria?

Ni kesi ya Covenant Medical Center dhidi ya State Farm. Mahakama kuu ya Michigan iliikata tarehe 25 mwezi wa 5, 2017.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo bima. Tangu mwezi wa 10 mwaka 1973, Michigan iko na bima ya gari isiyotafuta kosa. Ukigongwa, hakuna kuuliza kwanza nani alikosa. Asiransi inalipa matibabu yako, na kwa miaka mingi ililipa bila kikomo, hata maisha yako yote. Ikisha kupata uthibitisho, iko na siku 30. Ikichelewa, riba ni 12% kwa mwaka. Raia naye alitoa kitu: aliacha sehemu kubwa ya haki ya kumshitaki yule aliyemgonga. Ni mapatano. Wewe acha kesi, sisi tutakulipa mbio. Mapatano hayo ndiyo yanafanya nisiweze kuisoma hukumu hii kama hesabu ya sarufi tu.

Sasa mambo yenyewe. Mtu aliumia kwa ajali mwaka 2011. Covenant ikamtibu, fakitire ikafika dola 43,484.80, na hospitali ikatuma karatasi zake kwa asiransi. Karatasi zilifika, asiransi ilizijua. Mwaka 2013 State Farm ikakaa na mgonjwa, ikapatana naye kwa dola 59,000, naye akatia sahihi kwamba kwa matibabu ya mpaka siku ile hadai tena kitu. Hospitali ilipouliza pesa zake ikaambiwa: tulishamaliza na mwenyewe. Mahakama ya rufaa ilikuwa upande wa hospitali. Mahakama kuu ikapindua, na Jaji Bernstein peke yake akakataa.

Hoja ya wale wengi iko hivi. Sheria inasema malipo yanatolewa kwa mtu aliyeumia ao kwa faida yake. Kwa hiyo asiransi inaweza kulipa hospitali ikipenda, sababu hiyo pia ni kwa faida ya mgonjwa. Lakini hakuna mahali imeandikwa kwamba hospitali inaweza kuilazimisha. Kudai ni haki ya mgonjwa.

Nakubali: kwa hilo neno peke yake wamesoma sawa. Mimi pia sioni pale neno la kuipa hospitali haki ya kushitaki. Na mahakama za chini za Michigan zilikuwa zimekubali kesi za mahospitali kwa miaka mingi zaidi kwa mazoea kuliko kwa andiko. Mazoea si sheria, sawa.

Lakini endelea kusoma, ndugu. Kifungu kilekile kinasema asiransi ikilipa kwa nia njema mtu inayeamini ana haki, imejitua deni, ila tu kama ilikuwa imejulishwa kwa maandishi dai la mtu mwengine. Tena kinasema kukiwa na shaka juu ya nani apokee, mtu yeyote anayehusika anaweza kwenda mbele ya mahakama. Sasa hospitali yenye fakitire ya dola elfu 43, iliyokwisha kuandikia asiransi, kama si "mtu anayehusika" ni nani? Jibu la mahakama ni kwamba sentensi hizo hazimzalii mtu haki ambayo hakuwa nayo. Ni jibu fupi mno kwa swali kubwa vile. Onyo la maandishi linabaki bila meno: unaonya, unasikiwa, na mwengine analipwa mbele ya macho yako.

Na tuangalie nani anabaki na mzigo. Asiransi iko na maavoka wake. Hospitali pia. Mahakama imemtoa mmoja wa hao wenye nguvu, ikamwachia kazi ya kupigana yule aliyevunjika mguu ao aliyeumia kichwa. Deni la hospitali bado liko juu yake, halikufa. Kwetu wapo wagonjwa waliopona lakini wakabaki hospitalini sababu fakitire haijalipwa. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa deni la matibabu linaishia kwa nani wenye nguvu wakikosa kusikilizana. Na soko letu la asiransi, lililokuwa la SONAS peke yake kwa miaka mingi, sheria ya 2015 ililifungua. Mikataba inaandikwa sasa. Swali la nani anaweza kudai si la Michigan tu.

Mahakama iliacha dirisha: mgonjwa anaweza kumwachia hospitali haki yake kwa maandishi, kwa malipo ambayo tayari yanadaiwa. Basi mahospitali yakaanza kukimbiza sahihi za wagonjwa. Asiransi zikatoa vipengele vya mikataba vinavyokataza kuachiana haki. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa, kwenye kesi ya Shah, ikasema makatazo hayo hayafanyi kazi ajali ikisha kutokea. Kesi zikazaa kesi. Ile bima iliyotungwa ili watu wasikimbilie mahakamani!

Mwaka 2019 wabunge wakafungua mlango: hospitali sasa inaweza kudai yenyewe. Lakini sheria hiyohiyo ikakata bei, sababu (na hapa asiransi hazikulia bure) Michigan haikuwa na orodha ya bei na mafakitire yalikuwa yamepanda sana. Huduma nyingi zisizokuwa na bei ya Medicare zikashushwa mpaka 55% ya bei ya Januari 2019, na matunzo yanayotolewa na watu wa familia yakawekewa kikomo cha saa 56 kwa wiki. Kwenye kesi ya Andary, mwaka 2023, mahakama kuu ikasema makato hayo hayawagusi walioumia chini ya mikataba ya kabla ya tarehe 11 mwezi wa 6, 2019.

Hapo mahakama ilikumbuka mapatano ya 1973, na mimi naisifu. Lakini aliyegongwa mwaka 2022 hayumo. Mke wake akimgeuza kitandani na kumlisha saa 80 kwa wiki, asiransi hailazimishwi kulipa zile 24 za mwisho.