Riwaya Iliyopotea Jina: Suala la Kuzitambua Bunilizi za Walowezi wa Angani

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi imezoeleka kwamba kazi hutajwa kwanza kwa jina lake na la mtunzi wake, ndipo uchambuzi uanze. Ipo hata hivyo hali moja inayoupindua utaratibu huo: hali ya msomaji aliyesoma riwaya zamani, akasahau jina na mtunzi, akabakiwa na vipande vichache vya kisa, kisha akataka kuitambua. Hali hii huwapata mara kwa mara wasomaji wa bunilizi za kisayansi, hasa zile zinazosimulia habari za walowezi wa angani. Makala haya yanashikilia kwamba utambuzi huo, ingawa waweza kudhaniwa kuwa kazi ya mkutubi tu, ni mtihani kwa nadharia ya fasihi. Hudhihirisha ni kitu gani hasa kinachoifanya riwaya moja iwe yenyewe na isiwe nyingine.

Kisa Kimoja, Riwaya Nyingi

Na uchukuliwe mfano wa muhtasari ufuatao. Watu wanaishi ndani ya chombo kikubwa kilichotumwa kwenye nyota ya mbali. Safari imedumu kwa vizazi vingi, na waliomo wamekwisha kusahau kwamba wamo safarini. Kwao chombo ndicho ulimwengu wote. Kijana mmoja anavuka mpaka uliokatazwa na kuugundua ukweli.

Msomaji anayeuleta muhtasari huu huamini kwamba ametoa habari za kutosha. Lakini muhtasari huo unaiafiki Orphans of the Sky ya Robert A. Heinlein, iliyotokana na hadithi mbili zilizochapishwa jaridani mwaka 1941 na kuunganishwa kuwa kitabu mwaka 1963. Unaiafiki vilevile Non-Stop ya Brian Aldiss (1958), na Captive Universe ya Harry Harrison (1969). Kilichokumbukwa si riwaya, bali ni motifu ya utanzu mzima.

Vladimir Propp alibainisha mwaka 1928 kwamba ngano za Kirusi alizozichunguza zilijengwa kwa majukumu 31 yasiyobadilika, ilhali majina na sifa za wahusika hubadilika kutoka ngano hadi ngano. Muhtasari uliotolewa hapo juu ni mfululizo wa majukumu ya aina hiyo: katazo, uvunjaji wa katazo, na ugunduzi. Propp alitafuta kinachoziunganisha ngano. Anayetaka kuitambua riwaya hutafuta kinachozitenga, na kwa hiyo hana budi kuyaokota yale ambayo Propp aliyaweka kando.

Msomaji akiongeza kwamba palikuwa na mhusika mwenye vichwa viwili, kila kimoja na akili yake, shaka hutoweka: huyo ni Joe-Jim wa Heinlein. Akikumbuka mimea iliyosongamana katika njia za chombo, na kabila linalofyeka ili lipate kupita, basi hao ni watu wa Roy Complain katika Non-Stop. Na kama alichobakiwa nacho ni bonde lililozingirwa na majabali, na wakulima wa Kiazteki wanaomhofu mungu wa kike Coatlicue, riwaya ni ya Harrison na kijana ni Chimal. Jambo dogo, ambalo mwanafunzi angeliacha nje ya muhtasari kwa kuliona kuwa pambo, ndilo linalobeba utambulisho wa kazi.

Ujinga Usio Mmoja

Huenda ikadaiwa kwamba mambo hayo madogo ni fani tu, na kwamba riwaya hizi tatu zina maudhui mamoja, yaani ujinga wa jamii iliyosahau asili yake. Dai hilo halisimami. Katika riwaya ya Heinlein, ujinga ni matokeo ya uasi uliotokea chomboni zamani. Maarifa yalipotea, na maandishi ya kisayansi yakawa yanasomwa kama mafumbo ya dini. Katika Non-Stop, ukweli unaofichuliwa mwishoni ni kwamba chombo kimekwisha kurejea na kinaizunguka Dunia, na kwamba wapo watu wa Dunia wanaoijua siri na kuificha. Katika Captive Universe, ujinga ulipangwa makusudi na waasisi wa safari, na walinzi wa mpango huo wanauabudu kiasi cha kukiacha chombo kipite mahali kilipokusudiwa kufika.

Kwa hiyo huo si ujinga mmoja. Wa kwanza ni msiba wa kihistoria, wa pili ni hila ya wenye uwezo, wa tatu ni dhuluma iliyovikwa joho la utaratibu. Tofauti hii haimo katika dhamira inayoweza kutajwa kwa neno moja. Imo katika namna habari zinavyofichwa na kufichuliwa. Anayesahau umbo huwa amesahau na maana.

Kumbukumbu na Jina

Mwanasaikolojia Frederic Bartlett, katika utafiti alioutoa mwaka 1932, aliwapa wasomaji wa Uingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena. Waliyoyaona mageni waliyabadili yakafanana na mazoea yao. Basi kumbukumbu si ukurasa uliochanika. Ni matini iliyoandikwa upya. Kutokana na hilo yafuata kwamba kile kinachoafikiana mno na mazoea ya utanzu ndicho cha kutiliwa shaka, na kile kisichohitajiwa na motifu ndicho cha kuaminiwa. Kichwa cha pili cha Joe-Jim hakihitajiwi na kisa cha safari ya vizazi. Kama kimekumbukwa, yamkini kilikuwamo.

Jina nalo lina taabu zake. Riwaya ya Aldiss ilitolewa Marekani mwaka 1959 kwa jina la Starship. Jina hilo linamwambia msomaji tangu jaladani kwamba wahusika wamo ndani ya chombo cha angani, jambo ambalo Complain mwenyewe halijui kwa hakika. Wasomaji wa majina hayo mawili wanaweza kukumbuka usomaji usiofanana hata kidogo, mmoja wa ugunduzi na mwingine wa kejeli.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno "walowezi" laongeza tatizo. Nchini Kenya neno hili halitengani na historia ya kunyang'anywa ardhi. Linaisadifu barabara The Word for World Is Forest ya Ursula K. Le Guin (1972), ambamo watu kutoka Dunia wanaufyeka msitu wa sayari nyingine na kuwatumikisha wenyeji hadi wenyeji hao wanapoinuka. Haliwasadifu sana watu wa Heinlein, waliozaliwa chomboni, wasiomnyang'anya mtu ardhi, wala wasiojua kwamba walikusudiwa kulowea popote. Aliyeihifadhi riwaya akilini chini ya neno hilo anaweza baadaye kuupachika uasi wa wenyeji katika kitabu kisichokuwa na wenyeji.

Mfano wa karibu zaidi ni Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Ikielezwa kwamba ni habari za mtu aliyerushwa katika chombo akafika kwenye jamii iliyo bora, itafanana na bunilizi nyingi za kigeni. Lakini jina lenyewe, likitamkwa polepole, latangaza kwamba wale ni sisi, na umbali wote wa safari ya Dzombo unafutwa na neno moja. Anayelisahau jina hilo amepoteza nusu ya hoja ya mtunzi.

Hitimisho

Tahakiki nyingi za riwaya ya Kiswahili zimekuwa zikiorodhesha dhamira kwanza, kisha zikaitaja fani kama kiambatisho. Mjadala huu unapendekeza kipimo chepesi cha kuzikagua. Jina la riwaya, la mtunzi na ya wahusika yafutwe katika tahakiki, kisha apewe msomaji mwingine aliyeisoma riwaya hiyo. Akishindwa kuitambua, au akiitaja nyingine, basi kilichoandikwa hakikuwa juu ya riwaya ile. Kilikuwa muhtasari wa utanzu, na utanzu haukuhitaji kuandikiwa tahakiki.