Nyundo ya Pili

Maandishi ya wageni wanaozuru karakana za wafua visu wa Japani aghalabu huwa na umbo moja. Mgeni huinama mlangoni, akaona giza, makaa na cheche. Kisha humkuta mzee mmoja wa mikono iliyokakamaa, asiyesema sana, na wino wote humwagika kwa mzee huyo. Taswira ni nzuri. Ila ni nusu ya ukweli, na lugha ya Kijapani yenyewe yashuhudia hivyo.

Mfano ni Sakai, mji ulio karibu na Osaka, unaosifika kwa visu vya wapishi. Huko kisu hupita mikono kadhaa. Mhunzi huunganisha kwa moto chuma laini na chuma cha pua, akakifua na kukizamisha majini ili kipate ugumu. Mwingine, katika karakana yake mwenyewe, hukinoa hadi makali yatoke. Wa tatu hukitia mpini. Jina lichorwalo bapani mara nyingi huwa la mfanyabiashara au la mhunzi. La mnoaji ni nadra.

Neno linalosahauliwa na wageni ni aizuchi. Asili yake ni nyundo ya yule asimamaye mbele ya mhunzi, wakipiga kwa kupokezana. Leo Wajapani huviita hivyo pia vijineno ambavyo msikilizaji huvitia katikati ya usemi wa mwenziwe, kumwonyesha kuwa yu pamoja naye. Mfasiri atakayeandika "msaidizi" atakuwa amelikata neno hilo mguu. Lililo karibu nalo ni kuitikia: msimulizi asemapo "paukwa", pasipo wa kusema "pakawa" hadithi haiendi.

Amri ya mwaka 1876 iliyokataza kubeba panga hadharani iliwasukuma wafua panga wengi kwenye visu vya jikoni. Basi si ajabu kwamba ushahidi bora wa jambo hili umo katika kisa cha upanga. Katika *Kokaji*, tamthilia ya jadi ya Noh, mjumbe wa Mfalme Ichijo, aliyetawala kuanzia 986 hadi 1011, afika kwa mhunzi Munechika huko Sanjo, Kyoto. Mgeni huyu hakuja kustaajabu. Amekuja na amri. Munechika asita. Ujuzi anao, asiye naye ni mtu aliye sawa naye wa kuishika nyundo ya pili. Aenda kumwomba Inari, mungu wa mpunga. Njiani kijana asiyemjua amsimulia visa vya panga mashuhuri, sehemu ndefu inayoweza kumchosha mtazamaji asiyevijua visa hivyo. Lakini subira hiyo ina malipo yake: mungu atokea kwa sura ya mbweha, na nyundo mbili zaanza kujibizana jukwaani.

Upanga ukisha kufuliwa, upande mmoja huchorwa jina la Munechika. Upande wa pili huchorwa Kogitsune, yaani Mbweha Mdogo.