Nyeupe Si Usafi Daima: Tafakuri juu ya Rangi katika Karata za Taroti

Wanaosahihisha mitihani ya fasihi wanaufahamu vyema ugonjwa huu. Mwanafunzi akikuta kanzu nyeupe katika riwaya, huandika "usafi". Akikuta nyekundu huandika "damu", na nyeusi "msiba". Jibu limeshapatikana hata kabla ya sentensi inayofuata kusomwa. Makala haya yananuia kuonyesha udhaifu wa mazoea hayo kwa mfano usiozoeleka darasani: karata za taroti. Hatukusudii kumfunza mtu kupiga ramli. Tunazichukulia karata hizi kuwa matini ya picha ambayo wengi hudai kuwa kila rangi yake ina maana moja.

Taroti ina karata 78: picha kuu 22, na nyingine 56 zilizogawanywa katika makundi manne ya vikombe, panga, sarafu na fimbo. Ilianza kama mchezo wa kawaida katika Italia ya Kaskazini, karne ya 15. Uaguzi ulishika kasi baadaye, katika karne ya 18. Karata zilizochorwa kwa ajili ya watawala wa Milan zilipambwa kwa dhahabu, na dhahabu hiyo ilitangaza kwanza utajiri wa mwenyewe. Mafundi wa Ufaransa nao walichonga picha katika mbao, wakazichapa, kisha wakapaka rangi kwa kutumia vigezo vilivyotobolewa. Kila rangi ilihitaji kigezo chake, hivyo rangi zilikuwa chache. Hata hivyo, mwaka 1949 Paul Marteau alichapisha kitabu kinachozifasiri kwa kina rangi za Taroti ya Marseille. Uamuzi uliotokana na gharama za karakana ukageuka kuwa hekima ya kale.

Tutazame sasa seti mashuhuri zaidi, iliyotolewa London mwaka 1909. A. E. Waite ndiye aliyeibuni na Pamela Colman Smith akaichora. Katika karata ya Kifo, kiunzi cha mifupa kimevaa deraya nyeusi na kupanda farasi mweupe. Kimeshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Katika karata ya Jua, mtoto uchi mwenye furaha naye amepanda farasi mweupe, pembeni yake bendera nyekundu. Farasi ni weupe wote wawili. Je, tuseme weupe ni usafi? Usafi wa nani, wa mtoto au wa mauti? Aidha, Mpumbavu anayekaribia ukingo wa genge ameshika waridi jeupe. Ni dhahiri kwamba weupe peke yake hautoi jibu. Weupe wa farasi wa Kifo unapata nguvu kwa sababu umebeba weusi wa deraya; ule wa farasi wa Jua unapata nuru kutokana na manjano ya jua na wekundu wa bendera. Maana imo katika uhusiano.

Huenda mtu akapinga kwamba Waite na Smith walikuwa wanachama wa Golden Dawn, jumuiya ya siri iliyokuwa na mifumo yake ya rangi. Hoja hiyo ni nzito, lakini inatuunga mkono. Ikiwa rangi zilipata maana ndani ya mfumo wa jumuiya fulani, basi hazikuzaliwa nayo. Tena, seti hiyohiyo ilipakwa rangi upya na Mary Hanson-Roberts mwaka 1990, zikawa laini zaidi, na waaguzi wakaendelea kuitumia bila wasiwasi.

Lugha yetu inatoa ushahidi mwingine. Majina ya karata tunazocheza barazani, yaani kopa, shupaza, uru na pau, yametoka Kireno: kikombe, upanga, dhahabu na fimbo. Hayo ndiyo makundi yaleyale manne ya taroti! Leo mchezaji akitaja kopa haoni kikombe. Anaona moyo mwekundu. Alama imehama, jina limebaki, na hakuna anayekosea mchezo.

Vilevile, ni rangi tatu tu ambazo Kiswahili kimezipa mizizi ya vivumishi yenye upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya zilizobaki tunazitaja kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda. Mkalimani akisema Mpumbavu amesimama chini ya anga la manjano, msikilizaji wake anaweza kukumbuka kiungo cha mchuzi, jambo ambalo Smith hakulikusudia. Nayo nyeupe, kwa aliyewahi kushona sanda, haiwezi kuwa furaha tupu.

Hatusemi kwamba rangi hazina maana. Zinayo, ila si ile ya orodha iliyokaririwa. Hivyo basi, mwanafunzi akikutana na rangi na ajiulize maswali matatu: imewekwa jirani na nini, imejitokeza wapi tena katika kazi hiyo, na ni jamii gani inayoitazama? Akishajibu hayo, hata akihitimisha kwamba nyeupe ni usafi, atakuwa amesoma. Tunaowafundisha nasi tuache kutoa alama kwa neno moja lililokaririwa, maana wanafunzi hujifunza upesi kile tunachokilipa.