Nyumba ya Bi Asha

Afiya na Hamza hawaonani mpaka kitabu kimekwenda mbali. Katika Afterlives, riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliitoa mwaka 2020, msomaji hukaa na Afiya tangu utotoni, kisha huchukuliwa ghafla na kutiwa jeshini pamoja na kijana asiyemjua, Hamza, aliyejiandikisha mwenyewe kuwa askari wa Mjerumani. Hakuna dokezo kwamba hawa wawili watakuja kuoana. Mwandishi mwenye haraka angetutupia dokezo mapema, tupate la kushikilia. Gurnah humwacha kila mmoja aonje taabu zake peke yake, halafu ndipo awakutanishe katika ua mmoja, mwanamume akichechemea.

Kukisoma kitabu hiki Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kuna uzito wake, kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vinavyosimuliwa humo vilipita hapa. Mei 1916 safu za Jenerali Northey wa Uingereza zilivuka mpaka huu kutoka kusini, moja ikielekea Igamba. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1918 ilikuwa zamu ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Safu yake, ikitokea pande za Songea na Ubena, ilipita nchi ya Mbozi ikaishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, ng'ambo ya mpaka, karibu na Nakonde ya leo. Ngome haikuanguka. Wakaipita wakashuka hadi Kasama, na karibu na mto Chambeshi ndipo habari zikawafikia kwamba Ulaya wameshasimamisha vita. Tarehe 25 Novemba waliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala: Wazungu 155, askari 1,168, na nyuma yao wapagazi na mamia ya wanawake waliokuwa wakitembea na safu.

Wanawake hao historia za kijeshi huwapa sentensi moja, tena ya mwisho. Walipika, walizaa njiani, walizika njiani. Gurnah naye hawafuati barabarani. Amechagua kukaa na walioachwa nyumbani, mjini pwani, na huko ndiko ufundi wake unakoonekana vizuri zaidi.

Anza na ndoa ya Bi Asha. Mwaka 1907 karani Khalifa anaozwa na tajiri wake, mfanyabiashara Amur Biashara. Mke, Bi Asha, ni mpwa wa tajiri huyo. Nyumba wanayoishi ilikuwa ya baba yake Bi Asha, ikaponyoka kwa deni, nayo sasa iko mkononi mwa Amur. Akifa Amur, inakwenda kwa mwanawe Nassor. Kwa hiyo Bi Asha anapika, analala na kuswali ndani ya nyumba anayoamini kuwa ni yake, kwa hisani ya mtu anayeamini kuwa amemwibia. Mimba zinaharibika. Mume ni mtu mwema, mpenda gumzo la baraza, asiye na ubavu wa kumdai tajiri haki ya mkewe. Gurnah hahitaji kutuambia kwamba mapenzi yamechacha. Yeye huitaja nyumba tu, kila baada ya kurasa kadhaa, na sisi tunajua maneno gani yamesemwa usiku.

Angalia pia mpangilio. Dhuluma aliyotendewa Bi Asha tunaijua kabla hatujauzoea ukali wake. Baadaye, Afiya anapokua ndani ya nyumba hiyo na Bi Asha anaanza kumshuku mumewe kwamba anamtaka binti huyo awe mke wa pili, ulimi wake unakata. Tunaumia kwa ajili ya Afiya, lakini hatuwezi kumchukia mama mwenye nyumba. Geuza mpangilio huo, utampata yule mama mkali wa nusu ya filamu zetu za Bongo, anayeingia kwenye picha akiwa tayari amekunja uso na hatujui nani alimkunja.

Afiya mwenyewe amepangwa kwa kitu kidogo zaidi: kuandika. Kaka yake Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani, anamtoa kijijini kwa walezi waliomfanya mtumishi, anamleta mjini, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha Ilyas anajiunga na jeshi, anamrudisha kulekule alikomtoa. Mimi huyahesabu haya kuwa mapenzi ya kwanza ya Afiya, na ndiyo ya kwanza kumtupa. Mlezi anagundua kwamba msichana anajua kuandika, anampiga hadi anamvunja mkono. Afiya anaandika kikaratasi kifupi kwenda kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa anakuja kumchukua. Herufi zilezile zimemvunja na zimemwokoa. Mkono haukupona sawasawa, na mwandishi hausahau.

Kisha vita, na mji unakauka, chakula kinaadimika. Ilyas haandiki. Upande wa pili, Hamza anafundishwa Kijerumani na afisa anayempenda kwa namna isiyoeleweka vizuri hata na afisa mwenyewe, na wapagazi wanapotoroka, Feldwebel, sajini wa Kijerumani, anamalizia hasira zake kwa kumkata Hamza kwa upanga. Anauguzwa misioni. Anarudi mjini akiwa na paja bovu na kitabu cha mshairi Schiller.

Anayejua foleni ya malori ya Tunduma anajua kwamba kungoja nako ni maisha: watu huoana humo na kuachana humo. Hamza anapopata kazi kwa Nassor Biashara, na stoo ya kulala kwa Khalifa, Gurnah hawasukumi. Kurasa zinakwenda kwa mlango kufunguliwa, salamu, kutazamana, Bi Asha akiwa karibu daima. Hatimaye Hamza anatafsiri beti la Schiller kwa Kiswahili, anampa Afiya kwenye karatasi. Msomaji aliyeukumbuka mkono uliovunjwa anasimama hapo. Mwandishi hasemi lolote, anaendelea na habari. Kuandika kulikomfanya apigwe sasa kumekuwa njia ya kuposwa, na kujua hilo ameachiwa msomaji.

Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya 1999, alifanya kinyume, naye akafanikiwa: Yasmini anaozwa kwa mzee Raza mwanzoni kabisa, na mwendo hausimami mpaka amefika kwa Denge. Ile riwaya inakimbia, ndiyo maana Amil Shivji aliweza kuigeuza filamu mwaka 2021. Hii ya Gurnah sijui nani angeipigia picha bila kuipoteza. Ndoa ya Afiya na Hamza haiponyi kitu chochote moja kwa moja. Hamza anaendelea kuugua mguu, anaendelea kuota, historia yake anaitoa kwa vipande.

Kasoro ninayoiona iko mwishoni. Baada ya subira yote hiyo, sehemu ya nne inaruka miaka kwa miongo. Mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba, anakwenda Ujerumani miaka ya 1960 na kuifuata njia ya Ilyas katika nyaraka, mpaka kambi ya Sachsenhausen, mwaka 1942. Imeandikwa kama ripoti ya ofisi. Mara ya kwanza nilidhani mwandishi amechoka. Sasa naona kwamba faili za ofisi ndizo pekee zilizokuwa na habari za Ilyas, na faili haziandiki kwamba mtu huyo alimfundisha dada yake kusoma. Hata hivyo ningependa kurasa ishirini zaidi, na Afiya awe ndani yake.