Kinyozi Hupimwa Siku ya Tatu

Usiku wa kuamkia Ijumaa maduka ya vinyozi wa Maskati hujaa tangu Maghribi, kuanzia Ruwi na Matrah hadi Khuwair, Mawaleh na Seeb. Wanaume huingia na ndevu za wiki nzima, wakatoka na mashavu yanayong'aa, mstari wa ndevu umenyooka na shingo inanukia kolonya. Kila mmoja akifika mlangoni hupitisha kiganja chini ya taya, na kikiteleza huona riyali yake imekwenda kwa haki. Hukumu hiyo imewahi mno. Kiganja hupima ulaini wa dakika ile tu, hakijui unywele umekatiwa wapi. Mwenye nywele za kujisokota anayetaka kujua kama amepata kinyozi, na asubiri siku ya tatu, aikague shingo yake kwenye mwanga wa dirishani.

Katika jamii yetu jambo hili lina uzito wake. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita walioko nje warudi, familia nyingi zilikuja hapa kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, Bara, hata Burundi na Kongo, zikiwa na damu ya pande mbili za bahari. Nyumba moja utakuta ndugu wawili wa baba na mama: mmoja nywele zake zimenyooka, amefuata upande wa Sharqiyya, mwingine zimejisokota, amefuata upande wa Pemba. Hukalia kiti kimoja, kwa kinyozi mmoja, kwa wembe wa aina moja. Wa kwanza hatoki na neno. Wa pili, Jumapili akirudi kazini, ana vipele vigumu vyeusi chini ya taya, vinawasha, na kimoja kimeanza kutunga usaha. Tena huambiwa ana ngozi mbaya. Ngozi yake haina kasoro; amenyolewa kwa namna isiyomfaa.

Kinyozi mwenyewe mara nyingi ametoka India, Bangladesh au Pakistan, na mkono wake umefundwa juu ya nywele zilizonyooka. Ni fundi, wala simdharau hata kidogo. Ila kile anachokihesabu kuwa ndio ufundi wake, yaani kulainisha mpaka pasisalie kitu, ndicho hasa kinachomuumiza mteja mwenye nywele za kujisokota. Kwa hiyo ujuzi wa kupima lazima awe nao mteja.

Nywele hizi huwa zimepinda tangu ndani, kwenye shina. Ukizikata karibu na ngozi, ncha yake hubaki kali. Inapoota hujipinda kama ndoana, ikaitoboa ngozi palepale kando ya tundu lake na kurudi ndani. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni mbaya zaidi: unywele uliovutwa kabla ya kukatwa, ukakatiwa chini ya uso wa ngozi, halafu ukajirudisha ndani, unapoanza kuota tena hautafuti mlango, hupasua ukuta wa tundu lake humohumo. Kwa njia zote mbili mwili huuona kama mwiba na kuanza kupigana nao. Kipele ni alama ya vita hivyo. Hakianzi kwa uchafu, wala hakiambukizi, ingawa vijidudu vinaweza kuingia baadaye. Marekani, makadirio yanayotajwa sana na madaktari ni kwamba kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa hupatwa nacho. Na mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walieleza badiliko dogo katika jeni la keratini moja ya unywele ambalo huongeza hatari hiyo, kwa hiyo hata kati ya wawili wenye nywele za kujisokota, mmoja anaweza kuteseka kuliko mwenzake.

Kutokana na hayo kipimo changu ni hiki: kunyoa kuzuri kwa nywele hizi huacha kivuli. Ukipitisha kidole kinyume cha nywele unasikia chembechembe. Unywele umekatwa sawa na uso wa ngozi au juu yake kidogo, kamwe si chini yake.

Mtazame kinyozi kabla hajashika wembe. Aliye fundi hupitisha ncha za vidole shingoni mwako, juu, chini, kulia, kushoto, na pengine akarudia. Anatafuta mlalo wa nywele. Mashavuni nywele nyingi hulala kuelekea chini na hapo hakuna tabu. Shingoni mambo ni mengine: chini ya taya zinaweza kushuka, karibu na koromeo zikapanda, pembeni zikazunguka kama mtu na mkewe waliogombana, kila mmoja na njia yake. Asiyezitafuta kwa vidole atanyoa shingo yote kwa mkondo mmoja, na nusu ya shingo hiyo itakuwa imenyolewa kinyume. Nenda na ndevu za siku mbili au tatu ili mlalo uonekane. Ukienda na za siku moja unamnyima nafasi ya kuusoma.

Kisha maji. Unywele mkavu ni mgumu na hukatika kwa ncha kali. Uliolowa dakika mbili tatu hulainika, na wembe huupita bila kuuvuta. Duka zuri hukuwekea taulo la moto kwanza, likatulia. Duka la haraka hukupaka povu juu ya ngozi kavu na kuanza palepale. Hapa Maskati tumepewa neema mbili ambazo wengi hawazitumii. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa ni ya bahari iliyotolewa chumvi, tangu mtambo wa Ghubra uanze kazi mwaka 1976, na hufanya povu zuri kuliko maji mazito ya visima. Tena wakati wa joto kali matangi ya juu ya paa huchemka kwa jua, hata bomba la baridi linatoa maji ya moto. Mwezi wa Juni asiyelainisha ndevu za mteja hana udhuru. Povu nalipenda la sabuni na burashi, kwa kuwa burashi ikizungushwa huinua nywele zilizolala na kulipeleka povu chini yake. La kopo si haramu, mradi ni zito na halijakauka kabla ya wembe kufika.

Wembe wenyewe haunishughulishi sana kwa jina lake. Upo wa Treet kutoka Pakistan, Derby kutoka Uturuki, Feather kutoka Japani, na kila kinyozi ana mapenzi yake. Kinachohusu ni kwamba ufunguliwe karatasi yake mbele yako, uvunjwe kati, nusu itiwe kwenye kishikio, na baada ya kazi utupwe. Wembe wa mtu mwingine unaweza kubeba homa ya ini aina ya B na C, na hata virusi vya Ukimwi. Kama hukuona karatasi ikifunguliwa, ondoka kitini, hata kama umeshapakwa povu. Adabu ya kumwonea haya kinyozi haina nafasi hapo.

Sasa mkono, ambapo ndipo penye ufundi wote. Wembe ulale, pembe ya kiasi cha nyuzi 30 na ngozi, usisimame. Mikato iwe mifupi, kiasi cha upana wa vidole viwili, na wembe usafishwe kila baada ya michache. Uzito wa mkono usiusikie kabisa; ukisikia unasukumwa, wembe ni butu au mwenye kuushika ana haraka. Halafu tazama mkono wake wa pili, ambao watu hawautazami. Vinyozi wengi huvuta ngozi kwa nguvu ili wembe ukate karibu zaidi. Kwa nywele zilizonyooka ni sawa. Kwa zetu, ngozi ikiachiwa inarudi mahali pake na ncha inabaki chini ya uso: ndiyo ile njia ya pili niliyoieleza. Mkono wa pili kazi yake ni kuituliza ngozi tu, isikunjamane.

Na mkato uwe mmoja, kwa kufuata mlalo. Desturi ya mjini ni mara mbili: ya kwanza kwa mlalo, kisha povu la pili na wembe kupandishwa kutoka koromeoni hadi kidevuni. Mpando huo ndio unaotoa ule mteremko wa kiganja mlangoni, na ndio unaozaa vipele vya Jumapili. Mzuie mapema, kabla povu la pili halijapakwa. Ukimwambia kwa upole, "Bhai, ulta nahi," atakuelewa, kwa kuwa wengi wao hata kama Kihindi si lugha ya nyumbani kwao wanakisikia. Anayekubali bila kununa na kukuuliza kama unataka mashine imalizie, huyo mshike. Nimeona wengine wakiitikia kwa kichwa kisha mkono ukaenda kulekule ulikozoea. Hao si wabaya, ila si wako.

Kuna uzi pia. Vinyozi wa hapa hupenda kung'oa malaika za juu ya shavu kwa uzi uliosokotwa, na mashavu hubaki safi kwa muda mrefu. Kwa malaika nyembamba hakuna neno. Ukishushwa uzi mpaka kwenye ndevu zenyewe, unywele uliong'olewa kutoka shinani inabidi uanze safari upya tangu ndani, na wenye kupinda hupotea njia. Mwonyeshe kwa kidole mwisho wa uzi uwe wapi.

Mwisho wa kunyoa hupita haraka. Maji ya baridi, taulo la kubonyeza wala si la kusugua, kipande cha shabu kilicholoweshwa kama kuna mahali pametoa damu, basi. Shabu iwe yako mwenyewe, kwa sababu ile ya dukani imeshapita kwenye mashavu mengi. Kolonya kuwasha si dalili ya usafi. Huikausha ngozi na kuichokoza. Harufu tia kwenye furakha, kile kishada cha shingoni mwa dishdasha, ndiyo kazi yake. Na hilo vazi letu lisilo na kola ni rafiki wa shingo iliyonyolewa: askari, mlinzi na mfanyakazi wa benki anayefunga kola siku nzima kwenye joto na jasho huumia kuliko sisi, naye ana haki ya kunyoa nusu ya tunavyonyoa.

Basi siku ya tatu isome shingo. Vipele vikiwa upande mmoja tu, mlalo wa upande ule haukufuatwa. Vikiwa juu ya shavu, ni uzi. Vikiwa vimejipanga kwenye mstari wa ndevu peke yake, kinyozi aliurudia mstari mara nyingi akitafuta unyoofu. Ukiona unywele umejikunja ndani ya kipele, ni vipele vya wembe. Ukiona vichwa vya usaha vimesambaa hata pasipopita wembe, au mabaka ya mviringo yenye magamba, hapo huenda pana bakteria au fangasi, na shauri ni la daktari. Na vinundu vigumu vya kisogoni, chini ya mpaka wa nywele, usivichezee kabisa: vikichokozwa kwa wembe na mashine ya sifuri huweza kukua na kuwa makovu yaliyovimba.

Anayejinyoa nyumbani na afuate mambo yaleyale, na achague chombo chenye wembe mmoja. King C. Gillette alianza kuuza wembe wake wa usalama mwaka 1903, wembe mmoja wenye makali mawili, na kwa nywele zetu bado haujapitwa. Mwaka 1971 kampuni yake ikatoa Trac II, nyembe mbili pamoja, na tangu hapo idadi imepanda hadi tano. Sifa ya nyembe hizo ni kwamba wembe wa kwanza huvuta unywele na wa pili huukata kabla haujarudi. Msomaji aliyenifuata hadi hapa ameshajua unakwenda wapi baada ya kurudi.

Ambaye shingo imeshaharibika asitafute kinyozi bora kwanza. Aache wembe wiki tatu mpaka nne. Siku za mwanzo huwasha mno, kisha nywele zikirefuka hujitoa zenyewe. Taulo la uvuguvugu asubuhi na jioni husaidia. Unywele uliojikunja juu ya ngozi unaweza kuinuliwa kwa sindano iliyosafishwa, uinuliwe tu, using'olewe. Dawa za duka la dawa zenye asidi ya salisiliki au glikoliki huizuia ngozi isizibe, na benzoili peroksaidi husaidia penye usaha. Madoa meusi yanayobaki yataondoka polepole kama yatakingwa na jua letu hili. Krimu za kujichubua zisiguswe, nyingi zina steroidi kali zinazoidhoofisha ngozi. Akiamua leza, aulize mashine gani kabla ya kulala kitandani: kwa ngozi nyeusi inayofaa ni Nd:YAG, ya mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu ya nanomita 755 inaweza kuunguza rangi ya ngozi.

Ngozi ikishatulia, rudi kwa yule aliyekubali mkato mmoja. Muulize jina, umkalie kitako yeye peke yake hata foleni ikiwa ndefu. Na akienda likizo kwao Kerala au Chittagong, mwambie wa kiti cha pili apitishe mashine tu, abakishe milimita moja, mpaka mwenyewe arudi.